Shemeji Alikula kwa Nani

Dranya, Koboko
Jumapili, 9 Juni 1974

Mbwa wangu wamekufa wote wawili. Kamba alikufa tarehe 24 Mei, aligongwa na lori la jeshi kwenye barabara ya Koboko. Shemeji amekufa Alhamisi iliyopita na hakuna kilichomgusa. Alikataa kula, basi.

Leo hakuna kazi. Nimenunua daftari hili dukani kwa Okuonzi ili niwaandike kabla sijawasahau. Shule niliiacha darasa la nne kule Taita, lakini kuandika naweza, na hapa hakuna wa kunisahihisha.

Nimewazika pamoja na sijamwambia mtu ni wapi. Laku, ninayefanya naye kazi kwenye banda la tumbaku, aliniuliza. Nikamwambia ni mbali. Walikuwa wangu wakiwa hai, na sasa wawe wangu vilevile.

10 Juni

Mvua tangu asubuhi. Tumevunja maua ya tumbaku shamba la juu. Mikono inanata.

Jumatano, 12 Juni

Kamba nilimpata Arua, Novemba 1972. Wahindi walikuwa wameambiwa waondoke nchini, na mimi nilikuwa mpagazi pale mjini, nikipakia mizigo ya yeyote aliyeniita. Siku moja nikapita mbele ya duka la nguo lililofungwa. Barazani kulikuwa na mbwa wa kahawia amefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya katani. Kamba ilikuwa imemla shingo mpaka nyama. Watu walipita wakimtazama kama mzigo uliosahauliwa. Nikaikata kwa kisu cha mihogo. Aliniuma mkono, halafu akanifuata.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku ile alikuwa wangu, lakini si kweli. Mwezi mzima kila gari lililosimama alilikimbilia, akainua pua, akarudi polepole. Alikuwa anamngoja Mhindi wake. Nilimpa nusu ya ugali wangu huku nikimwonea wivu mtu aliyemwacha afe barazani. Ndivyo nilivyo. Mke wangu kule Taita aliolewa na fundi wa baiskeli mwaka ule nilipokuwa Pakwach na watu wa reli. Mpaka leo nikiona baiskeli imesimama mlangoni kwa mtu, roho yangu haitulii.

Jumamosi, 15 Juni

Shemeji nilimwokota kando ya njia ya Kuluva, kabla sijaja hapa shambani, nilipokwenda hospitali kupasuliwa jipu. Alikuwa mtoto, mweupe, mgongoni amemwagiwa maji ya moto. Nilimbeba ndani ya shati. Jina hilo nilimpa kwa mzaha, kwa sababu Kamba alimkubali siku ileile kama mke, nami nikajiona ni ndugu wa bwana arusi. Nikiita "Shemeji!" hapa shambani wanaume watatu walikuwa wanageuka. Afande Fadhul, mwenye shamba, alinikanya. "Mkenya, iko siku mutu atakupiga kwa jina hilo." Tunamwita Afande ingawa jeshi aliliacha zamani, baada ya vita vya Burma.

16 Juni

Mvua. Nimelala mchana.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeficha jambo moja, na leo naliandika.

Kamba alipokufa, Shemeji alikaa siku kumi na tatu. Kila jioni nilimwekea ugali na dagaa, na kila asubuhi niliukuta hivyohivyo, umejaa siafu. Nilijiambia anakufa kwa huzuni ya mume wake. Nikamwonea wivu Kamba, aliyekuwa chini ya ardhi. Mimi ndiye niliyembeba ndani ya shati, lakini anakufa kwa ajili ya mwingine.

Sasa nisikilize. Siku ya kumzika nilimpangusa mdomo. Kwenye manyoya ya kidevu palikuwa na ukoko wa wali. Wali! Sisi vibarua tunaona wali siku ya Idi, Afande akichinja. Kwa hiyo kwangu alikataa, na mahali pengine alikula.

Ukoko ule ulitoka jikoni kwa Afande, kwa sababu huko ndiko kunakopikwa wali. Lakini wake zake wote wawili ni watu wa dini, mbwa akipita karibu wanakusanya nguo. Hawawezi kuwa wao. Anayeingia jikoni kwao na si wa dini hiyo ni Laku. Anawapasulia kuni, wanampa mabaki. Na Laku aliniomba Kamba mara mbili akawinde naye kule kwao, nami nikakataa.

Laku. Alishindwa kumpata dume kwa kuomba, akamchukua jike kwa wali.

Alhamisi, 27 Juni

Leo nimemwambia. Tulikuwa tunatunga majani kwenye fito, pamoja na wanawake wanaolipwa kwa hesabu ya fito. Nilitaka kumwita pembeni, lakini hasira haikungoja.

"Laku, ulimpa Shemeji nini?"

"Shemeji gani? Niko nao wanne."

Wanawake wakacheka.

"Mbwa wangu. Ulimlisha wali nyuma yangu mpaka akakataa chakula changu. Wewe ni mwizi wa mbwa."

Laku aliweka ufito chini. "Mzee, wali nikiupata mimi nakula mwenyewe. Niko na watoto watano. Nimpe mbwa?"

"Ulimtaka Kamba."

"Nilimtaka kwa mguu wake, alikuwa anakimbia vizuri. Nikaomba kwa mdomo wangu. Mwizi anaomba?" Akawageukia wanawake. "Sikieni huyu. Iko na wivu kama bibi aliyeletewa mwenzake."

Walicheka tena, lakini yeye hakucheka. Amehamia upande wa pili wa banda.

1 Julai

Tumewasha moto banda la kwanza ili majani yakauke. Laku hasemi na mimi. Ananipa kuni bila kuniangalia.

3 Julai

Hivyohivyo.

6 Julai

Joto la banda na mvua ya nje. Kikohozi. Hivyohivyo.

Jumapili, 14 Julai

Nilikwenda nyuma ya jiko la Afande kuchukua jembe. Mama Hadijah alikuwa amechuchumaa karibu na mtungi. Ndiye mke mkubwa, hana mtoto, umri wake kama wangu. Mikono yake siku zote ina rangi ya nyuzi anazosukia vikapu. Mbele yake kulikuwa na bakuli la bati lenye ukingo wa bluu, kavu, limegandwa na chakula cha zamani. Alichota udongo kwa kiganja, akalisugua lote. Akamwaga maji, akasema, "Moja." Akamwaga tena. "Mbili."

Hata mimi najua maana yake. Hivyo ndivyo wanavyosafisha chombo alicholamba mbwa, mara saba, mara moja kwa udongo. Nilisimama. Alipofika nne akaacha kuhesabu, akafunika uso kwa mkono wenye matope.

"Mama Hadijah," nikasema, "bakuli hilo ni la nani?"

Hakushtuka. "La Nuru."

"Nuru nani?"

"Yule mweupe wako. Wewe unamwita jina la matusi. Mimi nilimwita Nuru."

Nikakaa chini kwenye jembe.

Alinieleza bila kuona haya. Tangu Januari Shemeji alikuwa anakuja kwake kila siku baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo mimi niko shambani na Mama Hawah, mke mdogo, amelala na watoto. Hakuwahi kuingia ndani, alikaa nje ya kizingiti. Hadijah alimwekea bakuli lake peke yake, akalificha nyuma ya kinu.

"Na alipokufa yule mume wake?"

"Siku hizo alikuja asubuhi na jioni. Alikuwa hataki kitu kigumu. Nikamlainishia wali kwa maziwa. Alikula kwenye mkono wangu huu. Kidogo tu, kama mutoto mgonjwa. Halafu nanawa, naswali."

"Kwangu alikataa."

"Ulimpa nini?"

"Ugali na dagaa."

"Meno yake ilikuwa mbaya, Mwakio. Hukuona?"

Sikuona. Nilimpenda mwaka na nusu na sikuwahi kumfungua mdomo.

"Wiki tano sijaliosha," akasema. "Nilijua nikiliosha imekwisha. Lakini vyombo vimepungua, nikasema leo nilirudishe kwa wengine." Halafu akauliza, "Umewazika wapi?"

"Mbali," nikamjibu, nikaondoka bila jembe.

Jumanne, 16 Julai

Sifikirii kitu kingine. Kila jioni alikuja kwangu akalala miguuni, nami nikajiona mtu mwenye mtu. Kumbe alikuja ameshiba. Alikuja kulala tu, kama mume wa wake wawili. Nuru! Nilifanya kazi jua kali nikijua kuna anayenisubiri, na saa hiyohiyo alikuwa kizingitini kwa mwanamke mwingine, anajibu jina jingine. Kamba nilinyang'anywa na lori. Huyu nimenyang'anywa baada ya kufa, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu hata siku nilizokuwa nazo zimerudishwa kwa mwenyewe.

Na Laku nilimwita mwizi bure. Sijamwambia.

18 Julai

Majani mazuri, ya njano. Afande amefurahi. Mimi sikufurahi.

Jumatatu, 22 Julai

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyokuwa.

Mama Hawah alikuja bandani kuhesabu fito za wanawake. Ni kijana, ana maneno, na ana watoto watatu, jambo ambalo hamwachi mtu asahau. Akaniona nimeinama.

"Mkenya, bado matanga? Watu wanasema umefiwa na shemeji, na hatujaona hata kikombe cha kahawa."

Wanawake wakaangua kicheko. Ningeweza kucheka nao. Badala yake nikasema, "Kuna anayelia kuliko mimi. Muulize mwenzako bakuli lake la bluu lilikuwa la nani."

Kicheko kikakatika. "Bakuli gani?"

"Lile aliloliosha kwa udongo Jumapili ya juzi."

Alielewa palepale. Niliona furaha inampanda usoni kama maziwa yanayochemka. Hakumaliza kuhesabu fito. Nilijua ninachofanya. Hakuna aliyenilewesha.

Jumanne, 23 Julai

Kelele nyumba kubwa tangu alfajiri. Zinasikika mpaka bandani.

"Tumekula sahani moja na mbwa! Watoto wangu!"

"Nimeliosha mara saba," ilisikika sauti ya Hadijah.

"Nani alikuhesabia?"

Mimi ndiye ningeweza kujibu, kwamba nilisikia mpaka nne. Niliendelea kuchochea moto.

Ijumaa, 26 Julai

Hawah hali chakula kilichopikwa na Hadijah. Amevunja chungu kimoja mbele ya wageni. Ameapa kurudi kwao na watoto wote. Afande amekuja kukaa na sisi bandani, mtu mzima, amekimbia nyumba yake.

"Burma tulikula kwenye kofia ya chuma," alituambia, "na kofia hiyohiyo tulioshea miguu. Hakuna aliyekufa. Sasa bakuli moja inavunja nyumba yangu?"

"Sheikh anasema nini, Afande?" Laku akauliza.

"Sheikh anasema ameosha, imekwisha. Lakini sheikh halali katika nyumba ile."

Jumanne, 30 Julai

Afande amempeleka Mama Hadijah Arua kwa kaka yake, "akapumzike". Hakusema mpaka lini. Miaka ishirini na sita katika nyumba hii. Taban, dereva wa lori la tumbaku, aliambiwa aondoke saa nne.

Saa tatu Mama Hadijah alikuja bandani na kifurushi chake. Laku akajifanya anatafuta kuni, akatoka.

"Ni wewe ulimwambia Hawah," akasema.

"Ni mimi."

"Basi." Akaweka kifurushi chini. "Nionyeshe walipolala. Nataka hilo tu."

Nilimpeleka. Wamelala ng'ambo ya kijito, chini ya mti wa shea, ule wa mafuta, uliopigwa na radi. Lakini sikumpeleka huko. Nilimpeleka upande wa pili, kwenye ukingo wa shamba la mihogo, nikamwonyesha pahali penye jiwe na majani. "Hapa," nikasema.

Alichuchumaa, akaweka kiganja chini, akalia kidogo. Akajifunika shuka lake vizuri, akarudi kwenye lori. Mimi nilibaki nimesimama karibu na jiwe ambalo chini yake hakuna kitu, na nikaona nimeshinda.

31 Julai

Mvua kubwa ya mawe. Imetoboa majani ya shamba la chini.

5 Agosti

Mvua.

Jumapili, 11 Agosti

Nilitaka kuandika habari ya sikio la Shemeji. Lilikuwa limechanika ncha, kwa kugombana na fisi au kwa waya, sijui. Nikaandika la kulia. Nikafuta, nikaandika la kushoto. Nikafumba macho na kumwita, akaja, lakini alikuja na masikio yote mazima.

Nikamuuliza Laku. Ni neno langu la kwanza kwake tangu Juni ambalo si kuni wala moto.

"Sikio? Sikuangalia, mzee."

Hakuna mwingine wa kumuuliza. Waliobaki hapa walimwona kama mbwa. Aliyemwona kama Shemeji, au Nuru, nimemfukuza mimi mwenyewe. Sasa wangu wamekuwa wangu peke yangu kama nilivyotaka, na kila siku wanapungua.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemwomba Laku radhi pembeni, karibu na rundo la kuni. Akatikisa kichwa.

"Uliniita mwizi mbele ya wanawake wote. Sasa na radhi iende hukohuko."

Basi nilisimama mbele ya benchi za kutungia nikasema kwa sauti, "Laku hakuiba mbwa. Mimi nilisema uongo." Wanawake walipiga vigelegele kama arusini. Mmoja, Rosa Kiden, akapaza sauti, "Na Mama Hadijah je? Huyo utamwomba wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kumbe wote wanajua.

28 Agosti

Tunafunga marobota. Mgongo umekufa. Afande amekonda. Hawah anaimba jikoni.

Jumapili, 1 Septemba

Nimekwenda ng'ambo ya kijito. Majani yamekwisha kuota juu yao. Nilikaa kitambo. Nikarudi kwa njia ya shamba la mihogo na kusimama kwenye lile jiwe. Pale angalau mtu alilia.

Jumamosi, 7 Septemba

Arua, nimekaa barazani kwa watu, nasubiri lori jingine la kurudi.

Nimekuja juu ya marobota ya tumbaku. Taban alinishusha karibu na Onduparaka akanionyesha nyumba ya Zubeiri, kaka yake Mama Hadijah. Zubeiri ni fundi wa nguo. Alikuwa kwenye cherehani yake barazani, akanitazama kuanzia miguu.

"Wewe ndiye yule wa mbwa?"

"Ndiye."

"Kaa. Na usiguse kitambaa, mikono yako iko na tumbaku." Akaita ndani, "Hadijah! Yule mutu wako wa matatizo amekuja."

Alitoka na kikapu alichokuwa anasuka, akakaa kwenye mkeka hatua tatu kutoka kwangu, akaendelea kusuka. Hakunisalimu. Nikasema nilichopanga kusema njia nzima.

"Mama Hadijah, pale nilipokuonyesha hawapo. Wako ng'ambo ya kijito, chini ya mti wa shea uliochomwa na radi. Nilikudanganya."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Udongo haukuchimbwa. Ulikuwa mgumu kama sakafu. Mimi nimezika mama, baba na watoto wawili wachanga, najua udongo uliochimbwa."

Sikujua kwamba aliwahi kuzaa. Muda wote ninaokula katika ua wake, sikujua.

"Sasa kwa nini ulilia pale?"

"Wewe ulisimama juu yangu kama askari wa benki. Nikasema nilie haraka, nikuache na jiwe lako."

Zubeiri akacheka mpaka cherehani ikasimama. Mimi sikuweza kucheka, na sikuweza kuinua uso. Nikasema nitamwambia Afande kwamba nilisikia hesabu ikifika nne, na kwamba nilisema kwa Hawah kwa wivu na si kwa dini. Mama Hadijah akasema Afande anajua kuhesabu, hilo si tatizo lake. Tatizo lake ni usingizi, Hawah akikasirika yeye halali. Ametuma salamu mara mbili. Akituma mara ya tatu atarudi, au hatarudi, atafikiria.

Nilikuwa nimekwisha kusema yote, na lori lilikuwa bado. Nikauliza lile sikio lililochanika lilikuwa lipi.

"La kushoto," akajibu, bila hata kufikiri, macho kwenye kikapu. "Na alikuwa hataki uliguse. Ukiligusa anageuza kichwa hivi, anaweka lile la kulia."

Kwangu hakuwahi kufanya hivyo. Au alifanya, sikumtazama. Neno hilo lilinichoma, kama siku ya bakuli.

"Alikuwa anajua sauti ya kinu changu," akasema. "Nikitwanga anakuja kabla sijamaliza. Analala, anaweka kidevu juu ya nyuzi nyekundu. Nyekundu tu. Nikizihamisha anahama nazo. Na akiota ndoto..."

Akaacha kusuka, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nafikiri aliona uso wangu.

"Nikome?"

Honi ya Taban ilipigwa barabarani mara mbili, kuniita. Nilikuwa naona wivu kwa kila neno, naona wivu hata kwa nyuzi. Nikavua kofia, nikakaa vizuri, nikamwambia aendelee.